Lita 560 za Maji

Mizani ilisoma kilo 3,240. Koplo akamulika tochi mara ya pili, akahakikisha breki ya mkono imeachiwa na dereva ameshuka, kisha akasoma tena. Ilikuwa 3,240 ile ile. Karatasi ya kupakia niliyokuwa nayo mkononi ilisema 2,900, na mkanda mweupe uliobandikwa ubavuni mwa pikapu ulisema hivyo hivyo.

"Afande, mizani haina kosa," koplo alisema. "Gari ndilo limenenepa."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini usiku. Mbiu ilikuwa imelia saa kumi na moja jioni bila mtu kudokezwa, kama ilivyo desturi ya majaribio ya utayari ya kikosi cha dharura kama chetu. Saa ile ya mbiu ndiyo tunayoiita N, na kila kitu huhesabiwa kuanzia hapo. Kufikia N na saa mbili, watu wote wawe kambini. N na saa nne, silaha na risasi ziwe zimetoka ghalani na simu za watu zimekusanywa. N na saa sita, magari yawe yamesimama kwenye mstari wa mizani. N na saa kumi, ukaguzi wa pamoja kati yetu na watu wa ndege uwe umekwisha. N na saa kumi na mbili, ndege ya kwanza iache lami. Divisheni ya 82 ya Marekani, ile ya askari wa miavuli, ambayo wengi hupenda kuitolea mfano, ina saa 18 za kurusha kikosi chake cha kwanza. Sisi tulijipa 12 kwa sababu mzigo wetu ulikuwa mdogo zaidi: kombania moja tangulizi na viambatanisho vyake, yaani vikundi vya kuazimwa kutoka vikosi vingine, safari saba za ndege za mizigo aina ya C-130, ndege zenyewe nne.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa nje hulielewa vibaya. Kikosi cha dharura si kundi la askari wenye mbio kuliko wenzao. Batalioni yetu ilikuwa na kombania tatu za bunduki zilizopokezana zamu: moja kwenye utayari, moja mazoezini, moja ikitengeneza magari na kupeleka watu likizo. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kombania peke yake haiwezi kushika uwanja wa ndege na kuishi hapo. Inahitaji wahandisi wa medani wa kukagua mabomu ya ardhini na kuziba mashimo ya njia, watu wa mawasiliano, madaktari, waelekezaji wa mizinga. Hao wote si watu wake. Wanaazimwa. Hata Marekani walipounda kikosi chao kikubwa cha dharura mwaka 1980, kile kilichogeuzwa kuwa CENTCOM, kamandi yao ya Mashariki ya Kati, mwaka 1983, kilichoundwa hasa kilikuwa makao makuu na orodha ya vikosi vya kuitwa. Askari walikuwa wa wengine. Basi ukitaka kujua kikosi cha dharura kitakwama wapi, tazama pale watu wa kuazimwa wanapoungana na wenyeji.

Pikapu ile ilikuwa ya wahandisi.

Sehemu ya ndani ya C-130 ya kawaida ina sakafu ya takriban mita 12 na upana wa mita 3 na kidogo. Mzigo namba 3, yaani shehena ya safari ya tatu, ulikuwa na pikapu mbili zilizofuatana, paleti moja kwenye mlango wa mkia, na watu 12 kwenye viti vya pembeni. Hesabu ilikuwa hivi: magari mawili kwa kilo 2,900 ni 5,800, paleti yenye vilipuzi vya kazi na betri za redio, 1,900, watu 12 na mizigo yao kwa kilo 125 kila mmoja, 1,500. Jumla 9,200. Kikomo tulichopewa na marubani kwa safari ile kilikuwa 9,500, kwa sababu tulikokwenda njia ilikuwa ya udongo na fupi, na kikomo hicho kilikuwa halali kwa kutua kabla ya saa tatu asubuhi. Jua likishapanda, hewa ya moto huwa nyepesi, mbawa hubeba kidogo, na kikomo hushuka. Ukichelewa unapoteza kilo pamoja na muda.

Tulipima pikapu ya pili. Nayo 3,240. Jumla sasa ilikuwa 9,880, yaani tumezidi kwa kilo 380.

Sababu ilikuwa nyuma ya kila gari, chini ya turubai: madebe 14 ya chuma ya lita 20, yamejaa maji, yamefungwa kwa kamba vizuri sana. Debe tupu lina takriban kilo 4, maji kilo 20. Mara 14, unapata karibu 340. Sajini wa wahandisi hakuficha kitu. Katika zoezi lililotangulia, mtu aliyeandika idadi ya watu wa kulishwa alihesabu kombania na kusahau viambatanisho. Maji yalipofika siku ya pili, yalifika kwa idadi ya karatasi, na platuni yake ikakaa na kiu huku ikichimba. Safari hii aliamua kubeba yake. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, ila ningepima upya.

Kilichoumiza zaidi ya uzito ni mahali ulipokaa. Gari la kupakia ndegeni lazima lijulikane kitovu chake cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wa mbele na wa nyuma unasawazika, na njia yake ni hii. Unaliweka mahali tambarare, maana mteremko mdogo tu huhamisha kilo kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Unapima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Unapima kwa futikamba umbali wa kila ekseli kutoka ncha ya bampa ya mbele. Unazidisha uzito wa kila ekseli kwa umbali wake, unajumlisha, unagawanya kwa uzito wote. Wiki tatu kabla, pikapu ile ilikuwa na 1,200 mbele na 1,700 nyuma, umbali ukiwa mita 0.85 na 4.03. Kitovu kikaangukia mita 2.71, pakabandikwa mkanda wenye alama ya msalaba. Usiku ule mbele palisoma 1,180, nyuma 2,060. Mbele palipungua kwa sababu madebe yalikaa kidogo nyuma ya ekseli ya nyuma, yakainua pua ya gari. Kitovu kipya: 2.87. Sentimita 16 si nyingi kwa macho. Lakini msimamizi wa mizigo ndegeni hupanga ndege yake kwa kufuata mkanda ule, na magari mawili yote yakidanganya kuelekea upande mmoja, mkia unakuwa mzito kuliko anavyodhani. Ndege yenye mkia mzito ni ngumu kudhibiti hasa pale magurudumu yanapoacha ardhi.

Akaja kamanda wa kombania, akauliza swali ambalo makamanda wote huuliza: tupunguze nini? Tulikuwa na njia tatu.

Kupunguza watu watatu kungetoa kilo 375. Ilibaki 5 kufika 380, na kwa kilo tano hakuna msimamizi wa mizigo atakayefumba macho. Angalau yule hakuwa wa aina hiyo. Kupunguza paleti hakukuwezekana bila kuifumua. Neti zilikuwa zimekazwa, vilipuzi vimekwisha kukaguliwa na fomu ya mizigo ya hatari imekwisha kutiwa saini. Ukigusa paleti ya namna hiyo unaanza moja. Ikabaki maji. Mtu mmoja alipendekeza tushushe madebe 16 tu, manane kila gari, kwani 16 mara 24 ni 384, tunaingia ndani ya kikomo na wahandisi wanabaki na maji kiasi. Lilisikika kama wazo la busara, lakini lilikuwa baya. Madebe sita yakibaki kila gari, uzito si ule wa zamani wala huu mpya. Ekseli zipimwe upya, kitovu kitafutwe upya, mkanda ubandikwe upya, karatasi iandikwe upya kwa magari mawili, na mpango mzima wa mzigo namba 3 upigiwe hesabu upya na watu wa ndege. Saa moja na nusu, kama hakuna anayekosea. Na saa kama ile kila mtu hukosea.

Tukashusha yote 28. Yakishuka yote, gari linarudi kwenye 2,900 na 2.71, mkanda uliopo unakuwa sahihi, na karatasi zilizokwisha kusainiwa zinabaki halali. Tulipima mara moja tu kuthibitisha: 2,900 la kwanza, 2,910 la pili. Kilo kumi zinaruhusiwa.

Halafu kulikuwa na suala la maji yenyewe. Lita 560 huwezi kuziacha na watu wanakwenda kuchimba juani. Mzigo namba 5 ulikuwa na nafasi ya kilo 700 na zaidi, na madebe 28 yalihitaji 672. Mkaguzi alikubali kwa sharti moja. Madebe ya maji na ya dizeli yalikuwa ya umbo moja na rangi moja, na dizeli ikiingia ndegeni bila fomu yake, safari inasimama. Kwa hiyo alipiga magoti kwenye lami na kufungua vifuniko vyote 28, kimoja kimoja, akinusa. Debe la 19 alilinusa mara mbili, akachovya kidole, akalitoa pembeni. Lilikuwa maji, lakini zamani liliwahi kubeba mafuta. Hakuna aliyebishana naye. Yakabaki 27.

Vitu vidogo kutolingana kati ya watu wa kuazimana ni jambo la zamani katika kazi hii. Mei 1978, askari wa miavuli wa Ufaransa walioruka Kolwezi, kule Zaire (sasa Kongo), walipewa miavuli ya Kimarekani, na mifuko yao ya zana haikukubali ndoano za miavuli ile. Walifunga kwa waya. Waliruka na kazi wakaifanya, lakini huwezi kupanga kikosi kwa kutegemea waya.

Baada ya usiku ule mambo mawili yalibadilishwa katika utaratibu wetu. Viambatanisho vilitakiwa kupita mizani siku wanapopokea zamu ya utayari, wakiwa na kila kitu wanachokusudia kubeba kweli kweli, hata kile ambacho hakimo kwenye orodha. Na baada ya kupima, turubai inafungwa kwa lakiri. Kuondoa lakiri ni kukubali kupimwa upya. Badiliko la pili lilipigiwa kelele kidogo, ila nadhani ndilo lililosaidia zaidi: idadi ya watu wa kulishwa ilianza kuandikwa kutoka kwenye orodha ya abiria wa ndege, si kutoka kwenye orodha ya kombania. Anayepanda ndege anahesabiwa kwenye maji. Wahandisi waliacha kujibebea madebe.

Mzigo namba 3 uliondoka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, ukiwa umechelewa dakika 25, ukatua saa tatu kasoro dakika tano. Namba 5 ilifuata ndege ya kwanza iliporudi, mchana, na maji yakawafikia wahandisi kabla ya giza. Debe la 19 lilibaki peke yake chini ya taa ya uwanja, na mtunza stoo akaja na daftari lake kuuliza nani anatia saini.