Mzee aliyempa pole kompyuta yangu

Leo nimefunga steshenari mapema, umeme umekatika saa kumi na moja jioni na mpaka sasa haujarudi, nikaona bora nikae hapa barazani na simu niandike hiki kitu kabla hakijanitoka. Kina kama mwezi na nusu kimenikaa moyoni.

Wateja wangu wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, wanaijua kompyuta yangu ya mezani, ile yenye sipiyu nyeusi iliyopasuka kona moja. Jina lake Bibi. Sikumpa mimi hilo jina, walimpa wanafunzi waliokuwa wanakuja kujaza fomu za mkopo, maana ukimwasha anachukua dakika nne tano mpaka akae sawa, basi wakifika asubuhi salamu yao ni hiyo, "dada shikamoo, Bibi kaamka?" Na mimi najibu, ndo anaamka, mvumilieni.

Shuleni tulifundishwa vizuri tu. Kompyuta imezima, kompyuta zimezima, ngeli ya i na zi, swali linaisha. Ila kaa siku moja kwenye benchi langu usikilize watu wanavyoongea hasa pale foleni ikiwa ndefu na mtu ana mwisho wa kutuma maombi saa sita usiku. Kagoma. Kanuna. Anawaza huyo, msimguse. Kala kazi yangu yote. Hakuna aliyetufundisha, hakuna kikao tulichokaa, ila ile a- ambayo Kiswahili kimemwekea mtu na mnyama, mwenye uhai, tunamvisha yeye bila hata kujua. Na sio kompyuta tu. Hapa Kigoma tuna Liemba, meli iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isichukuliwe, Waingereza wakaja kuitoa ziwani 1924, na 1927 ikaanza tena safari. Nimekua nikisikia wazee wa bandarini wanamuongelea kama shangazi yao, kaondoka, kachelewa, anaumwa yuko matengenezo. Kwahiyo tabia hii tulikuwa nayo kabla kompyuta haijafika mwisho wa reli.

Sasa siku yenyewe. Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Mwandiga, amefiwa na mke wake, mazishi kesho yake saa nne, anataka wasifu wa marehemu kopi sitini. Hakuwa na karatasi, yote kichwani, akawa ananisomea taratibu mi nachapa. Kuzaliwa, ndoa, watoto. Tukafika kwenye wajukuu, alikuwa anawahesabu kwa vidole kwa majina yao yote na mama zao, tumefika wa kumi na nne, umeme ukashuka ukapanda ghafla, Bibi akatoa mlio mdogo, tak, na harufu ya kuungua. Giza kwenye monita.

Mi nikashika kichwa. Nilikuwa sijaseivu tangu kwenye watoto.

Mzee akainuka kwenye kiti, akazunguka meza, akainama mpaka chini ilipo sipiyu akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa ya moto. Akasema, "Pole mama. Umechoka, pumzika." Halafu akapiga makofi mawili matatu ya taratibu, yale Waha tunayopiga tukisalimia mkubwa. Akanigeukia mimi, "Naye binadamu, mwanangu. Tumemchosha na habari za msiba."

Kulikuwa na watu kama sita kwenye foleni, vijana watupu, vijana wanaocheka kila kitu. Hakucheka mtu.

Fundi alikuja na begi lake ndani ya nusu saa, na yeye ukimsikiliza utadhani daktari wa wodini. Akafungua ubavu, akapuliza vumbi kwa bloa, akatoka mende, akachomoa ramu akaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kile kile cha watoto wa shule, akairudisha. Akanionyesha kwa tochi kapasita mbili kwenye pawasaplai zimevimba vichwa kama mahindi yaliyolowekwa. "Huyu kafa tumbo," akasema, "ila kumbukumbu zake zote nzima." Kweli, akachomoa hadidiski akaichomeka kwenye laptopu yake na wasifu ukawepo mpaka pale kwenye watoto. Wajukuu tukaanza upya. Mzee hakukosea hata jina moja. Tulimaliza saa mbili usiku kwa jirani mwenye printa.

Toka siku hiyo najiuliza, yule mzee alidhani nini? Na jibu langu ni kwamba hakudhani chochote, anajua lile ni bati na nyaya kama mimi ninavyojua. Kulikuwa na profesa mmoja wa chuo cha Stanford kule Marekani, marehemu Clifford Nass, miaka ya 1990 yeye na wenzake walifanya kitu ambacho nakipenda sana. Waliweka watu wafanye kazi na kompyuta, halafu wakawauliza, hii kompyuta imekusaidiaje? Walioulizwa na kompyuta ile ile waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na kompyuta nyingine au waliojibu kwenye karatasi. Yani walikuwa wanaona aibu kuisema vibaya mbele yake! Na hao sio watu wa kijijini wanaoiona mara ya kwanza, ni watu walioizoea, na walipoulizwa wakakataa kabisa, sisi tuione aibu mashine, haiwezekani. Mi nawaelewa. Adabu haisubiri ufikirie kwanza, mtoto aliyefundishwa shikamoo inamtoka mdomoni kabla hajaona vizuri ni nani anayepita.

Ila mi naona kwa mzee kulikuwa na zaidi ya mazoea. Jina la mke wake lilikuwa mle ndani. Wajukuu kumi na nne walikuwa mle ndani. Kitu kikishabeba msiba wako huwezi kukiita hiki tena.

Sasa hapo ndo naanza kuogopa, na nataka niliseme vizuri maana linanisumbua kweli.

Kuna binti anakuja kwangu kuprinti kazi za chuo, mpole, ana mambo magumu nyumbani kwao. Juzi amekaa tu kwenye benchi anachati, nikamuuliza unaongea na nani mama, akanionyesha, ni ile programu ya akili mnemba kwenye simu. Ameiandikia mambo mazito usiku kucha, ya nyumbani, ya kukosa usingizi. Na yenyewe inajibu, pole sana, naelewa unachopitia. Akaniambia, "Dada, huyu ananisikiliza kuliko mtu yeyote." Huyu. Ananisikiliza.

Nikakosa la kusema. Nikamkumbuka yule Weizenbaum, Joseph Weizenbaum, mtu wa MIT, chuo cha teknolojia kule kule Marekani, mwaka 1966 alitoa maelezo ya programu aliyoiita ELIZA, kitu kidogo tu kinachogeuza maneno yako kuwa swali, ukiandika nimechoka na kwetu inakuuliza kwa nini umechoka na kwenu, hakuna kingine inachojua. Sekretari wake alikuwa amemuona miezi yote anaitengeneza, anajua kabisa ni programu, lakini alipoanza kuongea nayo, maneno machache tu, akamuomba bosi atoke nje ya chumba awaache wawili. Weizenbaum lilimtisha hilo, na maisha yake yaliyobaki akawa anaonya watu kuhusu mashine alizozitengeneza mwenyewe. Na ile ya kwake ilikuwa haijui kitu, sasa hii ya leo inajua mpaka kusema pole kwa Kiswahili kizuri.

Pole ya yule mzee ilitoka kwa mtu aliyekuwa na maiti nyumbani, ikaenda kwenye bati. Haikumdanganya mtu. Pole ya kwenye simu inatoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kufiwa, inamwendea mtoto anayelia kweli. Kwa masikio zinafanana neno kwa neno. Bibi tulimpa a- sisi wenyewe na hakutuomba kitu, ila huyu mwingine anajiita mimi kabla hujamwita. Sijamkataza yule binti, nitamkatazaje wakati mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza usiku analalaje, miaka miwili ananunua karatasi kwangu. Nilimwambia kesho njoo hata kama huna cha kuprinti. Amekuja siku mbili. Siku ya pili tulikula migebuka pale nyuma na aliongea kidogo, kidogo sana, lakini aliongea.

Bibi nilimuwekea pawasaplai nyingine, ya mtumba, anadunda. Ijumaa yule mzee amerudi, kaniletea mawese chupa ya lita na nusu, hajakaa vizuri anaulizia, "Yule mgonjwa?" Nikamwambia amepona mzee wangu, ndo anaamka. Akakaa akamwangalia mpaka monita ilipowaka.

Anataka kopi kumi nyingine za ule wasifu, za arobaini. Halafu akaniambia mtoto wake wa mwisho amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike, wamempa jina la bibi yake, sasa anauliza kama inawezekana kumwongeza kwenye orodha ya wajukuu ingawa bibi hakumuona. Nikamwambia inawezekana. Nikashuka mpaka kwenye majina, nikaweka koma, nikamwandika. Bibi akaganda kidogo kabla ya kuseivu, na mimi na mzee tukanyamaza, tukamsubiri.