Picha zilivyogoma ukumbini Kirumba
Sendofu ya binamu yangu. Onyesho la picha nilishalitengeneza nyumbani Igoma, nikanakili faili la mradi kwenye flashi, nikadandia daladala. Kulifungua kwenye kompyuta ya ukumbini: miraba mitupu, muziki kimya.

Nikaangalia ukubwa wa faili: KB 48. Picha 112 zikae humo? Thubutu! Nikalifungua kwa Notepad. Kumbe ni maandishi tu: mpangilio, sekunde 5 kwa kila picha, na njia, yaani anwani ya kila picha ilipo kwenye kompyuta ya nyumbani, kama D:\Picha\jiwe_bismarck.jpg. Picha zenyewe zimebaki Igoma.

Mdogo wangu akazileta kwa bodaboda, folda nzima. Kompyuta ya ukumbini ikaipa flashi aliyoileta herufi E badala ya D, basi humo kwenye Notepad nikabadilisha kila D:\ kuwa E:\ kwa mkupuo, nikahifadhi. Zikarudi zote, ila shangazi alikuwa ameshanuna.