Nyumba ya Mhunzi, Barabara ya Brattle

Mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, chai ilinitoka dola nne na nusu, na chai yenyewe maji ya moto na kifuko cha majani pembeni. Viatu nilivyonunua Makoroboi, Mwanza, vilikuwa vimeloa theluji hadi soksi. Siku tatu za kwanza zilipita hivyo hivyo, baridi na bei, sina cha kusimulia.

Siku ya nne nilikuwa natafuta tu mahali pa kukausha miguu, nikaingia namba 42, Barabara ya Brattle. Ni nyumba ya mbao ya mwaka 1727. Mwenyewe, William Brattle, alikuwa jenerali aliyeegemea upande wa mfalme wa Uingereza, akaukimbia mji mwaka 1774. Leo ni kituo cha elimu ya watu wazima. Dada wa mapokezi alinitazama miguu, akanionyesha benchi.

Karibu yangu alikaa mzee wa miaka themanini hivi, anachonga penseli kwa kisu kidogo. Maganda yalidondokea kwenye leso aliyoitandika gotini. Anasubiri somo la kuchora. Nikamwamkia, akafungua daftari lake: mkono wa mwanamke, umefutwa na kurudiwa mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Ni mkono wa marehemu mkewe, akaniambia, na vidole bado havijamkubali.

Yeye ndiye aliyenielekeza namba 56, nayo ni ya kituo hicho hicho. Watu huifahamu kwa sababu ya mhunzi Dexter Pratt, aliyeimbwa na mshairi Longfellow. Lakini mzee alitaka nimjue Mary Walker. Mama huyu alikuwa mtumwa kutoka North Carolina. Mwaka 1848, akiwa Philadelphia na familia iliyommiliki, alitoroka, akawaacha mama yake na wanawe utumwani. Alihangaika miaka kumi na saba kabla ya kuwapata tena wawili kati yao, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipokwisha. Mwaka 1870 nyumba ya mhunzi ikawa makao yao, na ukoo wake ukakaa humo hadi 1912.

Nilikwenda kusimama mbele ya ile nyumba hadi vidole vikafa ganzi. Nilikuwa namuwaza bibi yangu.

Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi alikuwa anasaini kwa dole gumba. Kule kwetu Sengerema darasa lilikuwa ghala la pamba la ushirika, jioni, kwa taa ya chemli, na kitabu cha kujifunzia kilihusu kilimo cha pamba. Penseli aliishika kwa ngumi, kama mchi. Msimu mmoja karani wa mizani alimsomea kilo zake, bibi akainama, akautazama mshale, akamwambia, "Mwanangu, hebu soma tena." Karani akasoma tena. Zikaongezeka kilo tisa.

Chumba nilicholala kilikuwa dola mia na arobaini kwa usiku, hita yenyewe inapumua kama mgonjwa. Nilijilaza mapema jioni ile, usingizi haukuja. Nikampigia mama, nikasahau kwamba nyumbani ni saa tisa usiku. Alipokea anatetemeka, akidhani kuna msiba. Nikamuuliza kama lile ghala bado lina paa.