Wanyonyeshao atawaongoza polepole

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wapendwa.

Neno la wiki hii limo katika Isaya 40:11. Nabii anamwona Mungu kama mchungaji: analilisha kundi lake, anawakusanya wanakondoo mikononi, anawabeba kifuani. Mwishoni kabisa mwa mstari kuna maneno niliyoyapita miaka mingi bila kusimama: "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole."

Safari hii nimesimama, kwa sababu ya chumba kimoja nilichoingia.

Mwenzetu amejifungua mtoto wake wa kwanza. Siku ya nne tulikwenda watatu kumpa hongera. Tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mtoto analia hadi sauti inakauka. Kila mtoto aliposhika titi, vidole vya miguu vya mama yake vilijikunja sakafuni kwa maumivu. Mezani palikuwa na kopo la maziwa ya dukani, jipya, halijafunguliwa, na pembeni yake kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye glukosi. "Mama, sina maziwa," aliniambia. "Kila anayeingia hapa anasema mtoto hashibi." Alisema hivyo huku kanga aliyojifunga imelowa kifuani.

Mmoja wetu ni mkunga mstaafu. Hakutoa hotuba. Alinawa mikono, akamwomba mama aegemee vizuri, akamwekea mto mgongoni. Akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, kichwa na mwili katika mstari mmoja, pua ikielekea chuchu. Chuchu ikamgusa mdomo wa juu. Kisha akasema, "Ngoja." Tukangoja, mtoto akalia kidogo, akatafuta, halafu akapanua mdomo kama anayepiga miayo. Hapohapo mkunga akamsogeza mtoto kwenye titi, wala si titi kwa mtoto. Kidevu kikagusa titi, mdomo wa chini ukapinduka kwa nje, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu ikaingia kinywani. Alinyonya harakaharaka mara chache, kisha taratibu, kwa nguvu, na tukaanza kumsikia akimeza. Nikaangalia chini. Vile vidole vilikuwa vimenyooka.

Bibi wa mtoto aliinuka, akakichukua kile kikombe cha glukosi, akakirudisha jikoni mwenyewe. Nilimheshimu sana kwa hilo. Alikuwa anataka kusaidia, na alisaidia kwa namna aliyofundishwa yeye.

Mama uliyejifungua juzi, naomba uyasikie haya kutoka kwa sisi tuliotangulia. Yale maziwa ya kwanza ya njano, dang'a, si machafu na si ya kumwaga. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Siku ya kwanza kijiko cha chai kwa mnyonyo mmoja kinamtosha, nacho kimejaa kinga. Ndiyo maana wakunga wanahimiza mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji huweza kuchelewa kidogo. Baada ya hapo, titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na ile ya usiku ina faida yake kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi saa hizo. Kila kikombe cha maji au glukosi kinachukua nafasi ya mnyonyo mmoja, na mnyonyo ukikosekana titi linapunguza kazi. Hivyo ndivyo neno "hashibi" linavyoweza kugeuka kuwa kweli ndani ya wiki moja, ingawa lilipoanza kusemwa halikuwa kweli.

Utajuaje kama anapata? Usimpime kwa kilio, maana mtoto hulia kwa mengi. Angalia mkojo: kuanzia siku ya 5 na kuendelea, nepi zilizolowa ziwe 6 au zaidi kwa siku nzima. Angalia mizani ya kliniki. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Wengi huurudisha uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Na kama chuchu inapasuka, usimeze uchungu ukidhani ndio uzazi wenyewe. Mara nyingi mtoto hajashika vizuri. Mtoe kwenye titi kwa kuingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, anza upya.

Jambo lingine mkunga alilotueleza njiani limenikaa moyoni. Maumivu na hofu huzuia ile homoni inayoyasukuma maziwa yatoke. Yamo, ila hayashuki. Kwa hiyo chumba chenye watu wanne wanaotikisa vichwa ni sehemu ya tatizo, hata kama wote wanne wanampenda mama huyo.

Hapo ndipo lile neno "polepole" liliponichoma. Kumbukeni Yakobo alipokutana na Esau (Mwanzo 33). Esau anataka waondoke pamoja, haraka, na watu wake mia nne. Yakobo anajibu kwamba watoto ni wachanga, na katika mifugo wapo wanaonyonyesha. Wakiswagwa kwa haraka siku moja tu, kundi zima litakufa. Tangulia wewe, anasema, mimi nitakwenda kwa mwendo wa watoto. Yule alikuwa mfugaji, alijua anachosema. Na Isaya anapotaka kutuambia Mungu ni mchungaji wa namna gani, anatuonyesha jambo hilohilo: mwendo wa kundi unapimwa kwa anayenyonyesha.

Sisi je? Mama ana wiki tatu tangu ajifungue, tayari anaulizwa mbona haonekani kanisani. Hana, mama wa nabii Samweli, hakuonekana Shilo, walikokwenda kuabudu. Mtoto ambaye Hana alimwomba Mungu kwa machozi ampatie alikuwa mikononi, familia nzima ikapanda kwenda kutoa dhabihu ya mwaka, yeye akabaki nyumbani hadi amwachishe kunyonya. Na wakati ule kunyonyesha hakukuwa kwa miezi michache. Yule mama shujaa wa 2 Wamakabayo 7 anamwambia mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Katika 1 Samweli 1 hakuna neno hata moja la kumlaumu Hana. Mumewe Elkana alimwambia afanye analoona ni jema, angoje. Akina baba, naomba mlisome jibu la Elkana mara mbili. Hakuuliza mama yake anasemaje. Hakuuliza mbona wenzake wanaenda.

Na akija kanisani, asisukumwe nje karibu na vyoo. Januari 2014, hayati Papa Fransisko akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, huko Vatikani, aliwaambia kina mama kwamba mtoto akiwa na njaa wamnyonyeshe palepale, bila wasiwasi. Ikiwezekana chini ya dari ile, inawezekana kwenye benchi letu.

Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawazidai kwa sababu hawajui. Ukishindwa kumfikia mtoto, kamua, weka kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee, isipokuwa dawa anazoandikiwa. Baada ya hapo chakula kinaanza na kunyonya kunaendelea hadi miaka 2 na zaidi.

Dada zangu mnaoishi na VVU, msiamini maneno ya uani. Mama anayetumia dawa zake bila kukosa, na mtoto akapewa dawa za kinga kama kliniki inavyoelekeza, ananyonyesha. Na wewe ambaye maziwa hayakutosha kweli, au mtoto alizaliwa njiti, au uliugua ukashindwa: mchungaji wa Isaya anakuongoza wewe pia. Asije mtu akakupimia imani kwa kopo lililo mezani kwako.

Yapo ambayo hayangoji maombi ya Jumamosi. Mtoto amelegea, haamki kunyonya, ana homa, mkojo haupo, macho yamekuwa ya njano. Au mama ana homa na titi limekuwa jekundu na gumu. Au analia siku baada ya siku na kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huyo apelekwe hospitali sasa hivi, nasi tutasali tukiwa njiani.

Jumamosi hii jumuiya iko kwa mama yetu huyo. Saa kumi na nusu jioni, na saa kumi na mbili kamili tuwe tumeondoka. Chai tutakuja nayo kwenye chupa, yeye asiinuke. Wenye ndizi na nyama ya mtori wazipeleke asubuhi ili bibi awahi kupika. Nepi za kitambaa zikiwa nyingi kwenye beseni, watakaowahi wazifue. Mtoto akilia katikati ya rozari mama atamnyonyesha hapohapo alipo, na sisi tutaendelea na fumbo linalofuata.