Shangazi na milima ya rangi ya Death Valley

Shangazi alipokuja Las Vegas kututembelea mwezi Machi, nilijifanya mwenyeji. Nikamwahidi nitampeleka Death Valley, hifadhi ya taifa iliyo jangwani California, akaone milima ya rangi. Ni mwendo wa kama saa mbili. Nilijaza mafuta Pahrump, mji ulio njiani, maana ndani ya hifadhi vituo ni vya kuhesabu na bei ni ya kulia. Nikapakia maji ya kutosha na kupakua ramani kwenye simu kabla mtandao haujapotea.

Saa ndiyo niliyokosea. Tuliingia Artists Drive saa sita mchana. Barabara hiyo ina kama kilomita 14 na ni ya kwenda tu. Ukiingia, hakuna kugeuza. Tukashuka Artists Palette, kwenye mteremko wenye hizo rangi. Mwanga ulikuwa umepausha kila kitu.

“Baba, umenitoa Tanga nije kuangalia udongo?”

Sikuwa na jibu. Tukateremka Badwater, uwanda wa chumvi ulio mita 86 chini ya usawa wa bahari. Hapo akachangamka. Alikulia jirani na mashamba ya chumvi, basi akainama, akagusa ile ardhi nyeupe, akalamba kidole. “Chumvi kabisa!” Nikamwonyesha kibao kilichobandikwa juu sana kwenye jabali, panapofikia usawa wa bahari. Akasema bora bahari ibaki ilipo.

Askari mmoja wa hifadhi ndiye aliyetuokoa: mteremko wa Artists Palette unatazama magharibi, rudini jua likianza kulala. Tukapumzika Furnace Creek, kituo kilicho ndani ya hifadhi. (Julai msithubutu, hapo ndipo palipopimwa nyuzi 56.7 za Selsiasi mwaka 1913.)

Saa kumi na moja na nusu jioni tulizunguka tena barabara ileile. Mlima ulikuwa mwingine: waridi, manjano, zambarau, na kijani kama cha shaba iliyochacha. Ni majivu ya volkano ya kale. Chuma kilichomo kikishika kutu hutoa wekundu na manjano, na madini ya manganizi hutoa zambarau. Shangazi hakusema neno kwa muda mrefu, jambo la nadra.

Tulipokuwa tunapanda gari nikaona kanga yake imefungwa fundo. Ndani, kipande cha jiwe la kijani. Nikamweleza ni marufuku kuondoka na jiwe. Akakirudisha mwenyewe, pale pale alipokiokota, na hadi Pahrump hakunisemesha.