@Data kwenye klasi za ankara

Mfumo ulikuwa wa Java, na kila klasi ya hifadhidata ilibandikwa @Data ya Lombok, maktaba inayokuandikia msimbo wa kurudiarudia. Wakati wa kukompaili, anotesheni (alama) hiyo moja huzalisha getta (za kusoma) za fildi zote, setta (za kubadilisha) za zile zisizo final, toString (kitu kama maandishi), equals (kulinganisha vitu viwili), hashCode (namba ya kukitambulisha kitu) na konstrakta (ya kuunda kitu) ya fildi za lazima. Ni raha kubwa, na hadi leo naitumia.

Alasiri moja mwenzetu aliongeza mstari wa logi unaochapisha ankara. Seva ikaanza kutema StackOverflowError. Ankara ilibeba orodha ya vipengee, na kila kipengee kilikuwa na fildi inayoirudia ankara yake. toString ya huku ikaita ya kule, ya kule ikaita ya huku, mpaka stack, kumbukumbu ya miito inayoendelea, ikajaa. Kabla ya hapo hakuna aliyeichapisha ankara nzima, ndiyo maana hitilafu ilijificha.

Tukaweka @ToString.Exclude na @EqualsAndHashCode.Exclude juu ya fildi ya ankara ndani ya kipengee, ili mbinu hizo ziiruke. Logi ikatulia.

Kisha ikajitokeza hitilafu mbaya zaidi, kwa sababu hii haipigi kelele. Kipengee kipya kiliingizwa kwenye HashSet, seti inayopanga vitu kwenye makapu kwa hashCode zao, kikahifadhiwa kwenye hifadhidata, halafu remove (ya kukiondoa) ikarudisha false. Ukiizungukia seti unakiona kabisa. Ukiuliza contains, unaambiwa hakimo. Kilipoingia, id yake ilikuwa null, yaani tupu. Hifadhidata ilipokipa id, hashCode ikabadilika, kwa kuwa @Data huihesabu kwa fildi zote zisizotengwa, id ikiwemo. Seti ikawa inakitafuta kwenye kapu jingine.

Jioni ile tuliing'oa @Data kwenye klasi hizo, tukabakiza @Getter na @Setter. equals tuliiandika kwa mkono: instanceof kwanza, kisha id isiyo null ilinganishwe kupitia getId(), maana Hibernate, maktaba inayounganisha klasi na hifadhidata, huweza kukuletea proksi (kitu mbadala) badala ya kitu chenyewe. hashCode ikarudisha Kipengee.class.hashCode(), thamani isiyobadilika. Vipengee vyote huangukia kapu moja, lakini kwa ankara ya vipengee makumi machache hilo halisumbui.

Palipokuwa na @Builder, anotesheni ya Lombok ya kuunda kitu hatua kwa hatua, tuliongeza @AllArgsConstructor na @NoArgsConstructor(access = AccessLevel.PROTECTED), kwani JPA, kiwango cha Java cha kuhifadhi vitu kwenye hifadhidata, haikubali klasi isiyo na konstrakta tupu. Klasi za kusafirisha data tu tuliziacha na @Data yake. Kuanzia Java 16, hizo ningeziandika kwa record, aina fupi ya klasi ya kubeba data.