Shem, hiyo hasara ni ya nani?

Shemeji yangu alinipigia juzi akiwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi. Kajiunga na biashara ya mtandao, ile ya kuunganisha watu chini yako, ila safari hii hawauzi sabuni wala virutubisho. Wanauza "mfumo wa kupunguza kodi": unalipa ada ya kujiunga, kisha ada ya kila mwezi, unapewa fomu na daftari la kuandikia safari za gari.

"Shem, ukishakuwa na biashara nyumbani, kila kitu ni gharama, na gharama zikizidi mapato, hasara hiyo inapunguza kodi ya mshahara wako. Simu, mafuta, sebule, hata kwenda kumwona mama mkwe, mradi njiani umemtajia mtu biashara."

Mimi kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu, risiti za watu ndizo zinazonilisha. Nikamwomba anitumie slaidi za semina. Ya 7 imeandikwa kwa herufi kubwa: HATA USIPOPATA FAIDA, UMESHAPATA. Nikairudia mara mbili. Yaani muuzaji mwenyewe anakiri mapema kwamba faida huenda isije, halafu anakuuzia hasara.

Tukapiga hesabu pale pale kwenye simu. Ukitumia 100 kwenye biashara, na kiwango chako cha kodi ni asilimia 30, kodi inapungua kwa 30. Zile 70 zimekwenda na hazirudi. Akanyamaza, kisha akajitetea: "Lakini simu ningeilipia hata hivyo."

Hapo ndipo wanapowanasia watu. Bili ya nyumbani haigeuki gharama ya biashara kwa sababu umeiandika daftarini. Chukua Marekani, ambako mamlaka ya kodi, IRS, imeshaonya kuhusu mipango ya aina hii. Gharama lazima iwe ya kawaida na inayohitajika kwa biashara hiyo, na biashara yenyewe iendeshwe kwa nia ya faida. Ukipata faida miaka 3 kati ya 5, kwa kawaida wanakubali kwamba nia unayo. Hasara kila mwaka huku mshahara unaingia? Jiandae kujieleza. Chumba nacho, ili kihesabiwe, kitumike kwa biashara tu na mara kwa mara. Sebule ya shemeji ina televisheni na watoto wanaoruka juu ya kochi. Na ziko nchi ambazo hasara ya biashara haigusi mshahara hata kidogo, kwa hiyo mfumo mzima unakufa hapo hapo.

Nikamuuliza swali jingine: nani ananunua huo mfumo bila kuwa mwanachama? Katika kesi ya kampuni ya vipodozi ya Koscot ya mwaka 1975, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilieleza utapeli wa piramidi hivi: unalipa upate haki ya kuuza, pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo ambayo hayategemei bidhaa kumfikia mtumiaji. Shemeji akataja wateja wake wawili, mkewe na fundi wake wa gari. Wote wamejiunga chini yake.

Kabla hatujakata simu akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama ile ada aliyokwisha kulipa inaweza kuingia kwenye gharama. Nikamwambia anitumie risiti tuone.

Risiti hakupewa.